Kitufe cha Mama Vidole

Mke wangu alikuwa karani wa masjala ya hospitali kwa miaka thelathini na moja. Mimi nilifagia korido za hospitali hiyohiyo. Watu walimwita Mama Vidole, kwa jinsi alivyopiga chapa bila kutazama chini. Nilikuwa naegemea ufagio mlangoni kwake, namtazama. Akinikamata ananiambia, "Mzee, korido haijifagii."

Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, kwenye kibodi mbovu aliyoileta nyumbani. Kwa hiyo kwangu alfabeti inaanza na Q. Wajukuu wananicheka mpaka leo.

Macho yake yalianza kuharibika akiwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Presha ya macho. Alisema ni kama kuchungulia kwenye bomba: cha katikati anakiona, cha pembeni kimefutika. Ule mshale mdogo wa kompyuta ukikimbilia pembeni, basi, umepotea. Hakumwambia mtu kazini. Aliacha kushika kipanya, akafanya kila kitu kwa vitufe. Akitaka jina la mgonjwa, alibonyeza Kontroli na F, akaliandika, na jina likawaka njano katikati ya orodha. Hapo aliliona.

Kisha ukaja mfumo mpya, wa mtandaoni. Fundi wake akatangaza: wiki mbili za kujifunza, halafu kila karani atatafuta mafaili kumi mbele ya mganga mkuu, kwa robo saa. Atakayeshindwa anahamia stoo ya mashuka.

"Stoo sitaki," aliniambia. "Mashuka hayana majina."

Siku ya kwanza alibonyeza Kontroli na F, akaandika jina, akabonyeza Enta. Hakuona kitu. Akarudia. Mara nane. Saa nne muuguzi wa wodi ya wazazi akaingia, mikono kiunoni.

"Mama Vidole, huyo mgonjwa unayemtafuta hospitali nzima, kakufanya nini?"

"Nani kakwambia namtafuta?"

"Wewe. Huu ni ujumbe wa nane. Hata mpishi kaupata, anauliza kama amwekee chakula."

Kumbe mfumo ulikuwa umevishika vitufe vile. Waliouunda waliamua vifungue kidirisha cha kutuma ujumbe, tena pembeni, asikoona yeye. Fundi alipoulizwa alisema ndivyo ulivyo, mama atumie kipanya.

Mke wangu alicheka na muuguzi. Nyumbani hakucheka. Alikaa kitandani na viatu miguuni.

Kesho yake, saa ya chakula, akaniita masjala.

"Funga mlango. Leo wewe ndiye macho. Usinionee huruma, sema unachokiona tu."

Nikasimama nyuma ya kiti. Akabonyeza. "Kidirisha," nikasema. Akajaribu vitufe vingine, akarudia. "Kidirisha." Siku nne hivyo, mimi na neno langu moja. Siku ya tano aliacha vidole vikae juu ya kibodi, akatega sikio kama mtu anayesikiliza chumba cha jirani.

"Mzee, huu mfumo umekaa wapi?"

"Si hapo kwenye kioo."

"Kioo chote?"

Nikatazama vizuri. Juu kabisa kulikuwa na mstari wenye anwani ya mtandao. Huo haukuwa wa mfumo. Unakuwepo hata kabla mfumo haujafunguka. Nikamwambia.

"Basi mfumo unanisikia kwa sababu naongea nikiwa chumbani mwake," akasema. "Ngoja nitoke barazani."

Akabonyeza F6, kitufe cha safu ya juu. Mstari wa anwani ukageuka bluu. Halafu Kontroli na F.

Nilisubiri kidirisha. Hakikuja. Kikaja kile kisanduku chake cha zamani. Akaandika jina, likawaka njano. Akabonyeza Eskepu kukifunga kisanduku, kisha Enta, faili likafunguka. Ufagio ukaniponyoka.

Sijui kulieleza hili. Nimefagia nje ya chumba cha upasuaji miaka mingi, nimeona watu walioagwa na ndugu zao wakitoka wanatembea. Lakini mtu kuufikia mlango asiouona, kwa kuuwaza tu, hilo nililiona siku ile moja.

Jioni aliazima rangi nyekundu ya kucha ya binti yetu. Asubuhi akadondosha tone juu ya F6. Likakauka likawa kinundu, na kidole kikawa kinafika chenyewe.

Siku ya mtihani alimaliza mafaili kumi kwa dakika sita. Mganga mkuu alitazama saa yake mara mbili. Fundi akainama karibu na kibodi.

"Mama, hiyo njia nani kakufundisha?"

"Mfumo wako," akamjibu.

Alistaafu akiwa kwenye kiti kilekile.

Ni miezi miwili tangu tumzike. Wiki iliyopita nilirudi hospitali kuchukua karatasi zake. Kwenye kiti chake amekaa binti nisiyemjua, na mimi hanijui. Nikamtajia jina la mke wangu. Akabonyeza kitufe kimoja cha juu, kisha viwili, akaanza kuandika. Nikainama dirishani. Lile tone jekundu bado lipo, limelika katikati.

"Binti, mbona umeanza na hicho?"

"Bila hicho haitafuti, babu. Utatuma ujumbe hospitali nzima. Sote tunaanza nacho."

"Nani aliwafundisha?"

"Mimi nimekuta hivi." Akapandisha mabega. "Nadhani ndivyo ulivyotengenezwa."

Jina la mke wangu likawaka njano kwenye kioo. Nikalisoma mwenyewe, herufi moja moja, zile alizonipa. Nikashika ukingo wa dirisha.

"Nifungue faili, babu?"

"Bado," nikamwambia. "Liache kwanza hivyohivyo."