Mangi Aliyetaka Sauti Nzima

Habari ilinifikia asubuhi, kwa simu, nikiwa bado napiga mswaki. Mke wake hakusema amefariki. Alisema, "Shemeji, Mangi ametuacha," kisha simu ikabaki wazi, nikawa nasikia watu wakilia nyuma yake. Wasomaji wangu wa Karatu watamjua bila mimi kumtaja jina: yule mwenye duka la redio na televisheni pale barabara kuu, Mchagga mrefu aliyekuja miaka ya tisini wakati magari ya watalii yalipoanza kuongezeka, akasema anapita tu, akabaki. Wenye maduka wa kutoka Kilimanjaro karibu wote tunawaita Mangi, yaani chifu kwa Kichagga, lakini yeye jina lilimkaa barabara, maana alikuwa na ubishi wa kichifu. Nimeshika kalamu tangu tumzike na sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye sauti, kwa sababu ndiko yeye mwenyewe angeanzia.

Miaka michache iliyopita, DVD zilipokuwa zimeshaimaliza kaseti ya video, zilikuja diski nyingine zenye nafasi kubwa zaidi. Wenye hoteli huko ukingoni mwa kreta ya wanyama walizitaka kwa ajili ya picha. Mangi picha hakuijali. Alichofurahia ni kwamba diski moja ilibeba sauti ya sinema kwa namna mbili, na kwa rimoti uliweza kuhama kutoka hii kwenda ile. Namna ya kwanza ilikuwa kama ya DVD, iliyobanwa ili ichukue nafasi ndogo. Ya pili nayo ilibanwa, lakini bila kupoteza chochote. Nikamwambia kubana ni kubana. Akaniangalia kwa huruma. "Ukisafiri, shati unalikunja, linaingia kwenye begi. Ukifika unalikunjua, shati ni lilelile. Sasa mwenzako begi lake dogo, anakata mikono ya shati. Anasema, si atavaa koti juu, nani ataona?" Ndivyo ile sauti ya kwanza inavyotengenezwa, akasema. Kuna watu wamekaa mahali wakaamua ni kitu gani sikio lako halitakigundua, wakakitupa.

Jumapili moja baada ya ibada alitualika wachache twende tukalinganishe. Tuliketi sebuleni kwake, spika zimetuzunguka mbele na nyuma, sabufa imejificha pembeni mwa kochi, na mkewe ndiye aliyeshika rimoti ili sisi tusijue ipi inapigwa. Kwanza Mangi alihangaika muda mrefu kuzisawazisha zote mbili zitoke kwa ukubwa mmoja. Alisema inayopiga kwa nguvu zaidi ndiyo kila mtu ataisifu, hata ikiwa mbovu, na kwamba siasa ya nchi hii imesimama hapohapo. Akaweka kipande cha sinema chenye mvua juu ya bati na watu wawili wakinong'ona ndani ya nyumba. Tukasikiliza ya kwanza, tukasikiliza ya pili. Mimi nikatikisa kichwa kama mtaalamu, nikasema ya pili ina uhai zaidi. Akanikazia macho. "Mwandishi, usinipe heshima. Nipe masikio." Ndipo nikasema ukweli, kwamba kwangu mimi mvua ilikuwa mvua. Nilidhani atanuna, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapo sasa! Hata mimi mara nyingi siisikii tofauti. Kwa spika hizi, na malori haya yanayopita hapo nje, mara nyingi siisikii." Nikamuuliza, kama ni hivyo, vurugu yote hii ya nini? Akajibu, "Kwa sababu aliyekata hakuniuliza."

Hivyo ndivyo alivyokuwa hata dukani. Nilikuwepo siku mwinjilisti mmoja wa Kimasai alipofika kutoka Wasso, ana vumbi la safari mpaka kwenye kope, amekumbatia CD ya nyimbo za kwaya kama mtoto mchanga. "Mangi, mimi nataka sabufa ile inatikisa bati. Kanisa yetu ni kubwa, watu wanasinzia." Mfanyabiashara mwingine angemfungia mzigo na kumsindikiza mpaka kwenye basi. Mangi akaiweka ile CD, akasikiliza, akamwambia bila kuzunguka kwamba nyimbo zimeshindiliwa humo mpaka waimbaji wa nyuma wamepotea, na kwamba sabufa haitawarudisha. "Itatikisa bati, mzee wangu, lakini kwaya hutaipata." Mwinjilisti akashukuru, akatoka, akaenda kununua kwenye duka la jirani. Mke wa Mangi akauliza kwa sauti, "Hivi wewe utauza lini?" Naye akamjibu kwamba mtu ametoka mbali, angalau aondoke na ukweli.

Mwaka jana alianza kukonda. Akasema ni kazi. Macho yakawa ya manjano, akasema ni malaria iliyokomaa. Mwishowe ndugu zake walikuja wakampeleka hospitali ya mbali, na aliporudi tuliambiwa ana vidonda vya tumbo, apewe uji na maziwa, apumzike. Nilikwenda kumwona mara kwa mara. Walikuwa wamemtandikia kitanda palepale sebuleni, katikati ya spika zake zilizofunikwa vitambaa. Siku moja tulipobaki wawili akaniuliza, "Mwandishi, wewe wamekuambia ninaumwa nini?" Nikamwambia vidonda vya tumbo. "Hicho ndicho ulichopewa?" Nikasema ndicho. "Basi na wewe umepewa iliyokatwa."

Akanieleza kwamba kule hospitali daktari aliongea na kaka yake nje ya wodi, akawa anawaona kupitia kioo cha mlango. Waliongea sana. Kaka alishika kichwa. Kisha akaingia, akamwambia ni vidonda, anywe dawa. "Siulizi kwa sababu napenda kujua mambo," akasema. "Nina mama yangu Rombo, mzee, haoni vizuri. Kama ni ugonjwa wa kupona, nisiende sasa, nitamtisha kwa mwili huu. Nipone kwanza, ninenepe kidogo. Lakini kama ni ule mwingine, niende wiki hii hii, wakati bado naweza kukaa naye nikanywa chai. Nani ataniambia nifanye lipi?" Nilikuwa na maneno yaleyale tu ya vidonda vya tumbo, na nilishayatoa.

Nilimfuata kaka yake uani. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, na nilimpa shikamoo kabla sijasema lolote. Nikamwambia mdogo wake anauliza, na kwamba anataka kwenda kwa mama. Akaniambia taratibu, "Mwandishi, wewe ni rafiki wa dukani, na tunakushukuru. Haya mengine ni ya ukoo. Mtu ukimwambia, unamuua kabla ya siku yake." Machozi yalikuwa yanamtoka wakati anasema, hata hakuyafuta. Ningeweza kubishana na mtu mkali. Na yule anayelia ningemfanyaje? Nilirudi ndani, nikamwambia Mangi apumzike, nikaondoka. Tangu siku ile kila nilipofika kulikuwa na ndugu kando ya kitanda, na yeye aliendelea kuwaambia wageni kwamba akipata nguvu atakwenda kumsalimia mama.

Alikwenda Rombo ndani ya jeneza. Tulisafiri naye na basi la kukodi, watu wa Karatu tumejaa, wafanyabiashara, madereva wa watalii, hata yule mwinjilisti sijui alipataje habari. Kabla ya kuzika, kama ilivyo desturi, kaka yake alisimama kueleza wasifu wa marehemu kwa kipaza sauti. Akaeleza kuzaliwa, shule, ndoa, duka. Kisha akaeleza ugonjwa. Ilikuwa saratani ya ini. Ilikuwa imeshasambaa tangu ile siku ya kwanza hospitalini, daktari alisema hakuna tiba, warudi naye nyumbani wamtunze. Alieleza kwa utulivu, kwa mpangilio, hakuacha kitu. Mimi ndipo nilipojua. Mama yake, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, aliinua uso akasema jambo kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, na jirani yangu akanitafsiria: "Kumbe mlijua tangu siku hiyo? Mbona hamkumleta akiwa hai?" Mchungaji akaanzisha wimbo, nasi tukaupokea kwa nguvu.

Sina ugomvi na yule kaka. Nimejaribu kumkasirikia na nimeshindwa. Sisi ndivyo tulivyo: habari nzito tunazipunguza kwa upendo, tunaamua kwa niaba ya mwenzetu ni kipande gani hatakihitaji, na tunahesabu kwamba hatagundua. Kisha siku ya kaburi tunaitoa yote, kwa spika, kwa watu walioletwa na basi, mbele ya jeneza la mtu pekee aliyeomba kuisikia. Nadhani tunaogopa macho yake. Ugonjwa ni mali ya anayeumwa, na habari zake ni zake kwanza, kabla ya kaka, kabla ya ukoo, na kabla kabisa ya rafiki wa dukani. Hilo ndilo somo nililorudi nalo kutoka Rombo, na sioni mahali pa kulipeleka.

Nilijaribu nyumbani kwangu. Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, niliwaambia mke wangu na watoto kwamba zamu yangu ikifika wasinipunguzie kitu, waniambie yote, na waniambie mimi kwanza. Wakaacha kula. Kisha watoto wakanijibu kwa pamoja, "Sawa, baba," haraka mno, na mke wangu akaniongezea mboga bila kunitazama.