Swali la Nne Ambalo Sikulisahihisha

Admin, naomba jina langu lisionekane, na chuo usikitaje hata wakikubana kwenye maoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, sijaolewa, nafundisha fizikia mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Tabora. Huu ni mwaka wangu wa sita. Wanafunzi wananiogopa, na nilipenda iwe hivyo. Siku ya kwanza ya muhula huwa nawaambia, "Kwangu hakuna alama ya huruma. Kazi za darasani arobaini, mtihani sitini. Usipofika hamsini tunakutana kwenye sapu, mtihani wa marudio. Ukifeli sapu umedisko, chuo kinakuondoa, unarudi kwenu." Kwa wasichana nilizidisha ukali. Wakati nasoma tulikuwa wasichana wawili tu darasani, na kila nilipofaulu walisema nimebebwa. Sikutaka nami nisikike nabeba wasichana wenzangu.

Mwaka jana nilikuwa na binti mmoja, nimwite Konso. Kwao ni Ulyankulu, wazazi wanalima tumbaku. Alikaa mbele, hakuwa muulizaji, ila aliandika kila nilichosema, mpaka utani. Mtihani ulimshinda kidogo, akaenda sapu. Sapu haihesabu kazi za darasani, inasahihishwa kwa mia, akapata arobaini na nne. Siku matokeo yalipobandikwa alikuja ofisini, akasimama mlangoni.

"Shikamoo madam. Naomba uniangalizie tena karatasi yangu. Swali la nne nilikuwa na uhakika nalo."

Sikumkaribisha hata kiti. Nikamwambia, "Konso, wote huwa mna uhakika. Rufaa unaweza kukata, ila utajipotezea muda. Fizikia si ya kila mtu."

"Sawa madam. Asante."

Hakukata rufaa. Wiki hiyohiyo alibeba sanduku lake akaondoka.

Miezi minne baadaye tukaambiwa wakaguzi wanakuja, kila mwalimu atoe sampuli ya karatasi alizosahihisha: aliyefaulu vizuri, wa katikati na aliyefeli. Kwa aliyefeli nikachukua ya Konso. Nilipokuwa naandika namba za kurasa nikakuta kurasa mbili tupu, nikafunua ya tatu. Swali la nne lilikuwa pale. Alifunua karatasi mbili kwa pamoja bila kujua, na mimi nilipoona nyeupe nikadhani amemaliza. Kwenye jalada, mbele ya namba nne, nilikuwa nimepiga mstari wa "hakujibu" kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikalisahihisha palepale. Kumi na sita kati ya ishirini. Jumla sitini. Alikuwa amefaulu.

Nilingoja moyo uende mbio, haukwenda. Nilishuka kantini nikala wali maharage, nikamaliza sahani.

Mchana nikaipeleka ile karatasi kwa mkuu wa idara, mzee ninayemheshimu sana. Akaitazama, akavua miwani. "Mwanangu, haya matokeo bodi ilishayapitisha. Ukilifungua hili watataka kupitia kila karatasi uliyoshika kwa miaka yote. Na mkataba wako unaisha mwaka huu. Tafuta sampuli nyingine, hii itunze." Nikasema sawa. Nikaifungia kwenye droo.

Jumamosi moja nikapanda gari la Urambo, nikaunganisha mpaka kwao. Naapa nilikwenda kumwambia. Nikamkuta na mama yake nje ya bani wanalokaushia tumbaku, wanafunga majani kwenye fito.

"Mama, huyu ndiye madam wetu wa fizikia!" Alifurahi kweli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu sana. Huyu kila likizo alikuwa anakutaja wewe tu." Wakanichinjia kuku.

Wakati mama yuko jikoni, Konso akaniambia, "Madam, lile swali la nne, la lori kwenye mteremko, nimelirudia hapa nyumbani mara nyingi. Napata jibu lilelile. Hebu nionyeshe ninapokosea." Akachukua kijiti akaanza kuchora chini. Mteremko, lori, mishale ya nguvu, hesabu yote. Hakukosea popote. Nilimwangalia mpaka mwisho, nikafungua mdomo, nikasema, "Hapo kwenye msuguano umechanganya kidogo."

"Ahaa!" Akafuta kwa mguu. "Ndiyo maana. Nilishawaambia hapa nyumbani kwamba ile shule ilinizidi, wanadhani natania."

Nikanawa mikono, nikala yule kuku. Jumatatu nikaingia darasani kufundisha msuguano huohuo, na sauti yangu haikutetemeka. Ndugu zangu, sijalia hata siku moja. Nalala vizuri. Naulizwa habari nasema nzuri, na sidanganyi, maana sisikii chochote. Ni kama mkono ukiulalia, unauona ni wako lakini haupo.

Nikisema sasa, huenda Konso akarudishwa, maana mwaka mpya wa masomo haujaanza. Huenda pia nikafukuzwa, na mzee wa watu nikamharibia. Halafu nitamwangaliaje yule mama? Nitamwambia nilijua kabla sijala kuku wake?

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Juzi Konso akanitumia ujumbe, naunakili kama ulivyo: "Shikamoo madam. Nimepata nafasi ya kuomba kozi ya cheti cha kufundisha watoto wa awali, hawahitaji sayansi. Wanataka barua ya mwalimu aliyenifundisha chuo, aeleze uwezo wangu darasani. Nimekuchagua wewe kwa sababu hupendelei mtu. Andika ukweli tu madam, hata ukisema fizikia ilinishinda sitakasirika."

Barua inatakiwa Ijumaa. Nimekaa na karatasi mbele yangu siku ya pili leo, nimeandika jina lake tu. Nishaurini jamani, niandike nini?