Pua ya Habiyaremye

Habiyaremye alikuwa na mafua yasiyopona. Hivyo ndivyo alivyowaambia walinzi na vibarua wa depo ya mafuta pale Gisenyi, nao wakamcheka weee mpaka wakambatiza Mzee Mafua, naye akalipokea jina hilo kwa mikono miwili kwa sababu lilimfichia aibu kubwa zaidi. Mafua hakuwa nayo. Hakuwa na pua. Tangu alipougua korona, harufu zote zilimhama, na hata moja haikurudi: si ya chai ya tangawizi, si ya vidagaa vya sambaza vinavyokaangwa, si ya nywele za mkewe. Hata huyo mke, Nyirarukundo, alimficha. Alisifu mboga kabla hajaionja.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa msiba wa nyumbani tu. Lakini mwenzetu huyu pua ndiyo iliyomlisha. Matangi ya depo yamezungukwa na ukuta mfupi, ili tangi likipasuka mafuta yasitoroke. Mvua ikinyesha, maji hujaa humo ndani, na lazima yatolewe. Kazi ya Habiyaremye ilikuwa kuyakagua: ayakoroge kwa kijiti, ayanuse, ndipo afungue koki inayoyapeleka mtaroni. Yakiwa na mafuta, koki haiguswi. Hapo hutumwa gari lije kuyanyonya. Mtaro wenyewe unateremka hadi bondeni, kwenye matuta ya karoti na dodo, ule mchicha wa huko, ya akina mama wa mtaani, na mmoja wao ni Nyirarukundo.

Angesema ukweli, kazi angepewa mwingine, na kwa umri wake ule nani angemwajiri tena? Basi akanyamaza, akajitafutia ujanja. Alichota maji kwenye kikombe na kumpelekea Kamikazi, mlinzi wa getini.

"Hebu nusa, binti yangu. Mi niko na mafua."

"Muzee, hii mafua yako itakuzika," Kamikazi alimjibu akicheka, kikombe kiko puani. "Iko maji tu. Enda ufungue."

Mambo yakaenda hivyo mwaka baada ya mwaka, na bahati mbaya ya ujanja unaofanikiwa ni kwamba mtu husahau kuwa ni ujanja.

Kisha likaja juma ambalo Nyiragongo, mlima wa moto, ulitema majivu. Mji mzima ulikuwa mweusi: nguo kambani, mabati, mabeseni ya maji ya mvua yaliyoota ngozi ya masizi. Mvua ikashuka kwa hasira na maji yakajaa ndani ya ukuta. Kamikazi alikuwa ameomba ruhusa kwenda Bugeshi kumzika shangazi yake, na getini alisimama mlinzi mgeni ambaye hata salamu aliijibu kwa kununa. Régis, mkubwa wa depo, akatoka ofisini na mwavuli.

"Muzee, mvua ingine inakuja. Kama tangi inapasuka sasa, mafuta itaenda wapi? Maji iko namna gani?"

Habiyaremye aliinama. Juu ya maji palikuwa na utando mweusi, ule ule aliouona asubuhi kwenye beseni la nyumbani kwake. Akaukoroga. Utando wa mafuta ungejiunga tena. Huu ulikatika vipande vipande, kama majivu yanavyofanya. Angeweza kumwomba Régis anuse. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Lakini mafua ni hadithi ya kumwambia mlinzi, si mkubwa.

"Ni majivu ya mulima, shefu."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

"Bon. Fungua."

Akafungua. Chini ya majivu yale kulikuwa na mazutu, dizeli iliyochuruzika kutoka kwenye kiungo cha bomba kilicholegea. Depo nzima hunuka mafuta siku zote, kwa hiyo Régis aliyesimama pale juu hakushtuka. Ilihitaji mtu ainame, achote, anuse.

Kesho yake Nyirarukundo alirudi mapema kutoka bondeni. Hakusalimu. Alimwekea mumewe beseni la dodo magotini.

"Papa Isimbi, nusa hii."

"Mama Isimbi, leo mi niko na mafua..."

"Leo hakuna mafua. Nusa."

Aliuzamisha uso kwenye majani, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Hakupata kitu. Akainua macho atafute jibu usoni kwa mkewe, kama alivyozoea kulitafuta usoni kwa Kamikazi, lakini uso huo haukumsaidia.

"Iko muzuri," alisema. "Inanukia mvua."

Nyirarukundo akaketi pale pale sakafuni.

"Ni mazutu," alisema. "Bustani yote iko mazutu. Bamama walisema mutu wa koki ndiye amefungua, mi nikagombana nao. Nikasema bwana yangu hawezi, pua yake haimudanganyi. Nikaapa kwa jina ya Isimbi, mutoto wetu."

Habiyaremye alisugua vidole vyake. Viliteleza kwa mafuta ya majani yale.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu korona."

"Ungeniletea ile maji," alisema Nyirarukundo, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Mi ningekunusia."

Angeweza kuusingizia mlima. Hakuna ambaye angemkatalia. Lakini kiapo kilikuwa kimekwisha kuapwa kwa jina la mtoto. Alivaa viatu vyake vya mpira, wakateremka pamoja, mke mbele, mume nyuma, naye njia nzima akipanga maneno ya kuwaambia wale akina mama.

Aliwakuta wamesimama kando ya matuta ya mboga zilizolala, kila mmoja amejifunga kitenge puani. Mukandori, mkubwa wao, alikuwa amekikunja kitenge chake mara mbili, na bado macho yalimtiririka. Habiyaremye akapita hadi katikati ya matuta, uso wazi, akihema taratibu kama mtu aliye barazani kwake. Akafungua mdomo aseme.

Mukandori alimtazama, kisha akamgeukia Nyirarukundo, akamtazama yeye kwa muda mrefu zaidi. Hakuna aliyemuuliza Habiyaremye kitu: pua iliyoweza kupumua wazi ndani ya mazutu ilikuwa imekwisha kujibu, na aliyeiapia alikuwa mkewe.