Salamu za Mama Massan Kumasi

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika na bakuli lake, Mama Massan huusalimu uji wake kwa Kiingereza. Hukoroga, huuliza uji umeamkaje, kisha hujibu kwa niaba yake kwamba ni mzima. Da Kayi, anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara hapo mtaani kwetu Lomé, humwuliza kama uji umeshafaulu mtihani.

"Kayi, uji wangu umesoma kuliko wewe."

Mama Massan alianza kuja kwenye darasa langu la Kiingereza la jioni mwaka jana, mwanawe Yaovi alipompata Serwaa, msichana wa Kumasi, ng'ambo ya mpaka. Serwaa hajui Kiewe chetu wala Kifaransa; Kiingereza anakijua. Mama yake, Mama Pokuaa, alikuwa ametuma neno kwamba hamtoi binti yake akaishi na mama mkwe asiyeweza hata kumwuliza analilia nini. Posa ikabaki inaning'inia hapo.

Wanafunzi wenzake walijifunza maneno ya uwanja wa ndege na ya hotelini. Mama Massan aliyakataa yote. Alisema yeye haendi hotelini. Alitaka njaa, maji, maumivu, usingizi. Nilipomfundisha salamu, alinitazama kama mteja aliyepunjwa. Sentensi mbili tu? Na nyumba je? Na watoto? Na wale uliowaacha ulikotoka? Nikamwambia kwamba kwa Kiingereza mbili zinatosha. Akauliza wenye lugha hiyo wana haraka ya kwenda wapi.

Siku ya kupeleka posa alinichukua hadi Kumasi, kama mtu anavyobeba dawa za safari. Msemaji wetu alikuwa kaka yake, mjomba Komlan, kwa kuwa posa ina msemaji wake na mama wa kijana hukaa kimya. Nyumbani kwa akina Serwaa tukapewa maji, tukanywa. Mjomba alipoanza kusafisha koo, Mama Massan akasimama.

Alimsalimu Mama Pokuaa kwa Kiingereza, lakini kwa urefu wa Kiewe. Akauliza hali yake, hali ya nyumba, ya watoto, ya kazi, hata ya kuku aliyepita mlangoni. Mashangazi wa Serwaa wakainamisha nyuso wakicheka. Mjomba akamvuta kitenge.

"Dada, kaa chini. Unatuaibisha."

"Mwache," Mama Pokuaa alisema. "Bado hajamwulizia mume wangu."

Akamwulizia. Ndipo Mama Pokuaa, polepole ili aeleweke, akauliza: Serwaa akishikwa na homa usiku, na Yaovi hayupo, utamwambia nini?

Mama Massan akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, maana somo hilo hatukuwa nalo.

"Kaa," Mama Massan alijibu. "Maumivu wapi? Kunywa maji. Mimi hapa. Mimi silali. Kesho hospitali."

Mama Pokuaa akamwambia mumewe azipokee chupa za vinywaji tulizoleta kwa posa. Mjomba Komlan, aliyekuwa amefanyia mazoezi hotuba yake njia nzima, akabakiwa na kazi ya kusema asante.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza Mama Massan kwa nini alirefusha salamu vile, wakati nilimwambia mbili zinatosha.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Nilijua nikimaliza kusalimu, wataniuliza kitu."