Sauti ya mnadi ilikuwa upande wa pili

Saa mbili asubuhi, kamba za robota la kwanza zinakatwa, na mwanamume mfupi aliyevaa kofia ya sufi anapanda juu ya meza. Anachomoa koti la kijivu kwa mkono wa kushoto, analikung'uta, analigeuza mbele na nyuma.

"Koti hili halina kosa! Mwenyewe alinenepa tu, basi!" anapaza sauti. "Nani ananianzishia?"

Wanunuzi wanacheka na kusogea. Mama mmoja anataja bei, kijana aliye nyuma anataja ya juu zaidi. Hapo mnadi ananyamaza kabisa. Anawatazama wawili hao kwa zamu, na bei inapanda yenyewe.

Sokoni wanamwita Shoto, kwa sababu ya mkono wake. Hana duka wala mtaji. Wenye mali wanaleta marobota ya mitumba, yeye analeta mdomo, na kila robota likiisha anakatiwa chake. Kwa miaka kumi na tisa mdomo huo umelipa kodi ya vyumba viwili na kusomesha watoto watatu.

Ndiyo maana mwaka jana, daktari alipomwonyesha picha ya kichwa chake, hakuuliza kama atakufa. Aliuliza kama ataongea.

Mambo yalianzia hapo hapo mezani. Mkono wa kulia ulianza kumcheza wenyewe, mwili ukafuata, akaanguka chini na blauzi mkononi. Watu wakapiga makofi.

"Walidhani ni mbwembwe zangu," anasema. "Kuna mmoja alinitajia bei nikiwa chini!"

Hospitalini alikutwa na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, juu kidogo ya sikio. Ni uvimbe wa kukua polepole, lakini ukiachwa ungemmaliza. Kilichowaumiza kichwa madaktari ni mahali ulipokaa. Kwa watu wengi, shughuli kubwa ya lugha hufanyika upande huo huo. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole asiyependa kuzungusha maneno, alimweleza wazi: akiukata wote, huenda angeondoka na maneno. Akiyahurumia maneno, angelazimika kuacha sehemu ya uvimbe ndani.

"Nikamwambia, daktari, kata mguu ukitaka. Mdomo niachie."

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amekaa pembeni akikunjakunja leso. Aliposikia kwamba wapo watu wachache ambao lugha yao iko kulia, na kwamba hao hupatikana zaidi miongoni mwa wanaotumia mkono wa kushoto, aliruka kutoka kitini.

"Si huyu hapa! Basi tumepona!"

Daktari alimkalisha taratibu. Hata watu wa mashoto, alisema, wengi wao lugha iko kushoto kama kwa wengine. "Mkono unatupa tetesi tu, mama. Lazima tupime."

Kipimo chenyewe ni kulala ndani ya mashine yenye sumaku kubwa, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi kwa wakati huo. Kichwa kisitikisike. Ukionyeshwa herufi, unatafuta maneno yanayoanza nayo kimoyomoyo, mdomo umefungwa.

Mdomo umefungwa! Mnadi wa mitumba!

Mara ya kwanza taya lilicheza na picha zikaharibika. Mara ya pili aliapa kwamba atatulia. Ikatokea herufi K, na kwenye kipaza sauti ikasikika: "Koti, kaptula, kofia, nani anaongeza?" Mtaalamu wa mashine alicheka hadi akashika meza, kisha akawaambia warudi wiki inayofuata.

Nyumbani hakuna aliyecheka. "Wiki ile niliogopa kuliko siku niliyoanguka," anakiri Shoto. "Nikajiona nakwenda kupoteza mdomo kwa sababu ya mdomo."

Aliyemtoa hapo ni mkewe. "Nikamuuliza, baba watoto, wale wawili wanaposhindana bei, wewe si hunyamaza? Na kichwani si unaendelea kunadi? Basi nenda na ukimya huo huo."

Wakaanza mazoezi sebuleni. Yeye analala chali mkekani, mkewe anamwekea kikombe cha plastiki chenye maji kwenye paji la uso na kumtajia herufi. Maji yakimwagika, wanaanza upya. "Tuliloweka mkeka, tukaloweka na mto," anasema mkewe.

Waliporudi, picha zilitoka safi. Daktari aliwaita yeye, mkewe na mama yake mzazi, akageuza skrini wote waone. Rangi za sehemu zinazofanya kazi zilikuwa zimejaa upande wa kulia. Kule kwenye uvimbe, karibu kimya. Alishapima tena kwa njia nyingine, akawaambia, na jibu lilikuwa lile lile.

Mkewe aliangua kilio cha furaha hadi muuguzi akachungulia mlangoni.

Mama yake Shoto, naye wa mashoto, alikuwa na lake la kusema. "Wakwe walinisema miaka na miaka, ati nimewaletea mtoto wa mkono huu. Kumbe nilimpa na dawa yake!"

Daktari alitabasamu. Tofauti za kushoto na kulia, alimweleza, huanza mtoto akiwa bado tumboni. Jeni huchangia, ila ni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na sehemu kubwa ni bahati tu. Hata mapacha wanaofanana, mmoja huweza kuwa wa kushoto na mwenzake wa kulia. Hakuweza kuapa kwamba ya Shoto yametoka kwa mama yake.

"Usiniharibie, daktari," mama huyo akajibu. "Niachie hata robo."

Uvimbe uliondolewa wote. Shoto alipofumbua macho, daktari alimwinamia akamwambia aseme neno lolote. "Nimeshauzwa," akauliza, "au bado niko mnadani?" Mkewe anasema alikaa sakafuni hapo hapo akicheka.

Mkono wa kulia bado ni mzito kidogo, na kila baada ya miezi sita anarudi kupigwa picha. Kwa sasa ameruhusiwa kufanya kazi hadi saa sita mchana tu. Wenye marobota wanamngoja apone waongeze mzigo. Watangoja sana, kwa sababu hata akiruhusiwa siku nzima amepanga kuishia saa sita hiyo hiyo.

Sababu anaieleza mkewe. Miaka yote hiyo mumewe alirudi jioni sauti imekauka, akiulizwa jambo anaitikia kwa kichwa. "Niliolewa na mnadi, nikaishi na bubu."

Shoto hakatai. "Nilikuwa nauza sauti yote sokoni," anasema, akimtazama mkewe. "Sasa nyingine nitarudi nayo. Huyu kuna mengi sijamwambia."