Soga wa Jumamosi

Mimi ni mtu wa wivu, na sitaki mtu anihurumie kwa hilo. Nyumbani kwetu Bunda nilikuwa namwonea wivu hata ndama, baba akimsifia sana. Basi mtu wa namna hiyo akiolewa na mwanamume mpole, mwenye mikono mizuri na sauti ya chini, ujue shughuli anayo.

Mume wangu alikuwa fundi wa redio. Kwao ni Bukima, kandokando ya ziwa, na mama yake alikuwa ameshamchagulia mke hukohuko, binti wa jirani. Aliposikia kwamba mwanawe amepata mchumba Bunda, kwa watu wa ng'ombe na pamba, alisema sisi samaki tunamjua akiwa kwenye sahani tu, na kwamba msichana kama mimi hawezi kukaa nyumbani kwake hata mwezi. Hakuja harusini. Ilikuwa ile miaka ya shida, sukari ya chai ya wageni ilichangwa na ndugu kwa vikombe, na mpiga picha alifika na kamera isiyo na filamu akatupigia hivyohivyo ili tusivunjike moyo. Kwa hiyo mama mkwe wangu hakuniona siku ile, wala baadaye kwenye picha.

Lakini siku ile mume wangu alisimama mbele ya baba yangu akaapa kwamba hatakanyaga ua wa mama yake mpaka mama mwenyewe aseme, mlete. Wenzangu walipewa vitenge na masufuria. Mimi nilipewa kiapo, nikakitunza kuliko kitenge. Tulipohamia Musoma, tukapanga nyumba Kigera, kila nilipogombana naye nilikuwa nakikumbuka kile kiapo na hasira inapungua.

Halafu likaja tangi la kioo.

Bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani, redio zikawa zinaingia kwa wingi kupitia mpakani Sirari, na mume wangu akawa na kazi mpaka ya kukataa. Mgeni mmoja wa mradi wa maji, akifungasha kurudi kwao, akamlipa tangi la kufugia samaki badala ya fedha. Mume wangu alilileta kwa mkokoteni, analishika kama amebeba mtoto mchanga. Akaliweka sebuleni chini ya dirisha, mahali palipokuwa na kabati langu la vikombe. Kabati likahamishiwa chumbani. Wivu wangu ulianzia hapo, kwenye kioo kitupu ambacho hata maji kilikuwa hakina.

Alitaka samaki wa kila aina wakae pamoja, wapendeze. Akaenda Mwigobero, akanunua kwa wavuvi sato wadogo, furu wa rangi mbalimbali, na kasamaki kamoja ka fedha ambako muuzaji alimwambia hakana neno. Kumbe ni sangara mchanga. Wiki haikwisha, sangara akabaki peke yake, tumbo limemjaa, anatutazama kama mgeni aliyeshiba anayesubiri chai. Nilimkaanga.

Mara ya pili akaweka furu watupu. Hapo dume mmoja wa bluu, mwenye mkia mwekundu, akatangaza kwamba tangi lote ni lake. Aliwafukuza madume wenzake kona hadi kona mpaka mapezi yao yakachanika, wakapauka rangi, wakafa. Mume wangu alisikitika. Mimi yule furu nilimwelewa kabisa, ndiye samaki pekee niliyewahi kumpenda mle ndani. Naye akafa mwishowe, nadhani kwa kukosa wa kumfukuza. Nikaanza kupigia mahesabu ile nafasi chini ya dirisha, kabati langu lirudi.

Ndipo Jumamosi moja mume wangu akasema anakwenda Butiama, kuna redio ya shule imeharibika. Akarudi jioni na ndoo. Alisema amepitia mwaloni, kwa wavuvi. Nikamwona anapanga mawe tangini, hili hapa, lile pale, akiacha vijia katikati. Akaingiza furu dume mmoja tu na majike mengi. Akaingiza gogogo wawili, wale wenye ndevu, ambao mchana kutwa wanajificha chini ya jiwe na hawana ugomvi na mtu. Mwisho akaingiza soga mmoja, mweupe kama kijiko kipya, anayekwenda mbio juujuu.

"Dume unaweka mmoja," akaniambia, uso umemng'aa. "Majike wawe wengi, ili hasira yake igawanyike. Na mawe yasimame hivi, kila mmoja awe na mlango wake."

Wale samaki hawakufa. Walikula, walicheza, walinenepa. Na kadiri walivyotulia wao ndivyo nilivyokosa raha mimi. Mume wangu namjua. Ni mtu wa waya na betri. Hasira igawanyike, kila mmoja na mlango wake, hayo si maneno ya fundi redio wala si ya wavuvi wa Mwigobero. Hayo ni maneno ya mwanamke anayejua nyumba. Kuna mtu alikuwa anamchagulia samaki.

Soga peke yake ndiye aliyekuwa hakai. Katikati ya wiki unamkuta anaelea. Jumamosi mume wangu anachukua ndoo, anakwenda Butiama kwenye redio zake, anarudi na soga mwingine. Na mdomo wa ndoo umefungwa kwa kipande cha khanga maji yasimwagike. Nilikinusa kile kipande. Kilinuka moshi wa kuni. Fundo lake lilikuwa dogo na limebana, na mume wangu hata kamba za viatu hajui kuzifunga zikakaza.

Dada yangu aliyeolewa Butiama akaja kunitembelea. Hata hajakaa vizuri, akalalamika, "Yaani shemeji ametutupa kabisa! Redio yetu imekufa tangu wakati wa kupalilia, hatumwonagi hata kupita." Nikamtengea chai kama kawaida.

Jumamosi iliyofuata nilijitanda, nikamfuata mume wangu kwa mbali hadi stendi. Alipanda pikapu la Bukima, na ndoo yake.

Bukima! Alikoapa hatakanyaga ua wa mama yake. Na nani alikuwa Bukima? Yule binti wa jirani. Nilirudi nyumbani nikajitupa kitandani, nikamwona yule msichana waziwazi, ingawa sijawahi kumwona: shingo ndefu, miguu majini, anamchagulia mume wangu samaki huku anacheka. Alipokuwa anacheka ndipo nilipokuwa naumia zaidi.

Katikati ya wiki mume wangu akiwa kazini nilifunga kibwebwe, nikapanda pikapu lilelile. Sikujua nitafanya nini. Nilitaka kumwona tu, na kama ni mbaya wa sura, nimtukane, na kama ni mzuri, nimtukane pia. Pale Bukima niliuliza wapi wanauza samaki wadogo walio hai. Wakanionyesha ua mmoja uliopandwa mihogo hadi karibu na maji.

Nilimkuta mama wa makamo, mnene kidogo, amekaa mbele ya jiko lake na beseni la maji kati ya miguu. Alikuwa anachagua furu. Nikamwamkia, nikasema natoka Kitaji pale Musoma, nimetumwa na bosi wangu anayetaka kufuga samaki kwenye kioo.

"Na yeye?" akacheka. "Siku hizi Musoma mmekosa kazi. Huku kwetu furu ni chambo tu, na chambo chenyewe sangara amekimaliza. Kaa, mama. Jua kali."

Akaniletea maji ya kunywa na kigoda. Akanionyesha yupi anakaa na yupi, bila kuringa. Nami macho yalikuwa yanazunguka ua mzima kumtafuta mwenye shingo ndefu. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Hapa unakaa na binti yako?"

"Binti sina. Nina kijana mmoja tu, yuko huko Musoma, fundi wa redio. Hawa ni wa kwake."

Niliyaona macho ya mume wangu usoni pake, sijui kwa nini nilikuwa sijayaona tangu mwanzo. Nikajikaza, nikasema kwa sauti ya mtu wa umbea, "Nilisikia huku kuna mchumba wa fundi mmoja wa redio."

"Yule? Ameolewa Ukerewe zamani, ana watoto mpaka anawasahau majina." Akatia mkono kwenye beseni, akatoa soga, akamtazama. "Mwanangu alioa huko kwa watu wa ng'ombe. Mke wake ndiye amemfunga, asije. Alikaa miaka bila kukanyaga hapa. Siku moja akaja analia, eti samaki wake wanakufa. Mtu mzima na ndevu! Nikamchagulia. Sasa anakujaga kila Jumamosi."

"Basi ukimpa wa kukaa vizuri ametosheka," nikasema.

Akanitazama kama anapima kama mimi ni mtu wa kuambiwa. "Nampaga wa kukaa. Lakini namtiliaga na soga mmoja. Soga hakaagi ndani ya kioo, anataka maji yanayotembea. Hafikagi Jumamosi." Akamrudisha yule samaki kwenye beseni. "Nikimpa wote wa kukaa, atarudi hapa kufanya nini?"

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha ukoo mzima. Lakini mama wa mtu unamtukana vipi, na ukishamtukana unamnyang'anya nini? Mwanamke mwenzangu ningempiga. Huyu alikuwa naye kabla mtu yeyote hajaniwaza mimi kuwa mke wake. Nikasema bosi nitamweleza, nikaondoka bila kununua hata mmoja. Njia nzima nilikuwa nalia kwa hasira, maana kiapo changu kilikuwa kimevunjwa kwa ajili ya samaki.

Sikumwambia mume wangu neno. Jumamosi akaenda, akaleta soga. Na mimi nikaamua kwamba soga yule hafi.

Alitaka maji yanayotembea? Niliyatembeza. Kila nilipopita sebuleni nilichota kwa upawa, nikainua juu, nikamwaga, nikachota tena. Nikiwa nakoroga ugali, nausogeza kando ya moto, nakimbilia tangini. Maji yakichafuka nampunguzia, namwongezea maji safi yaliyolala kwenye mtungi. Nikafunika juu kwa chandarua asiruke. Jirani aliponiuliza nina nini, nikamwambia nina vita.

Jumamosi ikafika, soga yuko hai, anakwenda mbio juujuu. Mume wangu alisimama mbele ya kioo na ndoo mkononi.

"Hajafa," akasema.

"Namwona."

Akaweka ndoo chini. Akakaa, akafungua redio ya mtu, akaifunga bila kuigusa ndani. Akatoka nje, akatazama barabara, akaingia. Hakusema Butiama. Mikono yake ile mizuri ilikuwa imekaa mapajani haijui pa kwenda. Nilikuwa nimeshinda, na niliona uchungu uleule, kwa sababu mawazo yake yalikuwa Bukima kuliko siku anazokwenda mwenyewe.

Hapo ndipo wivu wangu ukanipa akili. Mume anayekwenda mahali kwa siri ni wa huko anakokwenda. Mume unayempeleka mwenyewe, unaondoka naye na unarudi naye, huyo ni wako njia nzima.

"Chukua ndoo," nikamwambia. "Tunakwenda kwa mama yako."

Alinitazama kama nimempiga kofi. Alifungua mdomo kuanza kueleza. Nikamwambia ataeleza njiani, na njiani nikamwambia anyamaze.

Mama alikuwa amekaa palepale na beseni lake. Alipotuona alianza kumtabasamia mwanawe, halafu akaniona mimi. Tabasamu likaisha.

"Wewe si ulisema umetoka Kitaji?"

Nikapiga magoti kwenye mchanga. "Shikamoo, mama. Niliongopa. Mimi ndiye wa Bunda."

Hakuitikia. Mume wangu alikuwa anatutazama kwa zamu, hana analoelewa. Mama akamgeukia.

"Soga wako?"

"Yuko hai, mama."

"Haiwezekani." Akanitazama tena, safari hii muda mrefu, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi magotini. "Nani alimtembezea maji?"

"Mimi. Kwa upawa."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima."

"Marahaba," akasema, kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba.

Hakunikumbatia, wala mimi sikumtaka anikumbatie. Alitupikia, na kichwa cha sato, pale penye mnofu mtamu, alimwekea mwanawe, nikaona na roho ikaniuma. Tulipoaga alichota maji ya ziwa kwenye ndoo, akaingiza soga wawili. Akafunga mdomo wa ndoo kwa khanga, lile fundo dogo lililobana, nikawa naangalia vidole vyake vinavyofanya. Kisha akaipitisha ndoo mbele ya mwanawe, akanipa mimi.

"Hawa hawafiki Jumamosi," akasema.

"Watafika."

"Basi utakuja kuniambia."

Kwenye pikapu niliipakata ile ndoo. Mume wangu akanyoosha mkono anipokee, nikamwambia aiache, si yake.