Gari la watoto wangu haliwaki bila mimi

Wasomaji, mama huyu ameomba jina lake libaki kwetu, na litabaki. Mengine yote ameyasema mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkazi wa Kindu, mama wa watoto watano. Mume wangu amefariki na niko eda, sitoki nyumbani mpaka muda wake uishe. Mimi nasema, binti yangu mkubwa anaandika. Jina langu lificheni, maana mtaani kwetu watu wanajua hadi mboga uliyopika. Shemeji yangu ninayemsema hapa hajui kusoma, na wanaomsomea gazeti nawaomba waruke ukurasa huu.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mpunga. Mungu alipotujalia kununua gari, yeye alilitaka lile dogo la kung'aa kama la wazungu wa ofisini, apite nalo mbele ya msikiti watu wageuke. Nikamwambia gari hilo litazama kwenye matope ya njia ya Pangi safari ya kwanza tu. Na watoto, magunia, kuku, mimi na mimba zangu, tutakaa wapi? Tulinuniana siku kadhaa. Mwishowe akanipeleka kwa Mgiriki anayeuza magari, nikachagua kamioneti iliyoinuka juu, nyuma ina bodi ya mbao, tukaweka mabenchi ya kutoa na kurudisha. Shemeji, ambaye ni mdogo wake mume wangu, alicheka sana. Aliuliza tangu lini mwanamke akachagua gari badala ya sufuria. Gari hilo ndilo lililotulisha. Lilileta mpunga, lilikimbiza watoto wangu hospitali, na Ijumaa lilibeba wazee kwenda kuswali, shemeji akiwa amekaa mbele.

Kila jioni mume wangu alifungua boneti, akatoa kidude cheusi kilichomo ndani ya delko, kile kinachogawa moto kwenye plagi, akaniletea nikitunze. Mafundi hukiita kidole. Kinafichika kiganjani, lakini bila hicho gari haliwaki hata mtaa mzima ulisukume. Ndivyo alivyowazuia wezi. Mimi nilikifunga kwenye pindo la kitenge changu na asubuhi nikampa. Siku aliyofariki, kidole kilikuwa pindoni mwangu.

Matanga hayajaisha, shemeji akachukua ufunguo wa gari, redio na cherehani yangu. Makaburini alikuwa Mwislamu kuliko sisi wote, lakini kwenye mali akakumbuka mila za ukoo. Mwalimu wa msikiti alimwambia kwamba warithi ni watoto, naye akajibu kwamba atawatunzia. Kisha akaja kusimama nje ya pazia langu.

"Shemeji, wewe uko mwanamuke wa kukaa ndani," akasema. "Gari utaifanya nini?"

Nilishika pindo langu.

Siku ya Idi alivaa kanzu mpya, akawapandisha wake zake wawili nyuma, yeye akashika usukani. Gari likakohoa, basi. Akaita vijana wasukume. Niliwasikia wakipita mbele ya dirisha langu, wakarudi, wakapita tena, hadi wake zake wakashuka wakaenda kwa miguu. Niliuma kitenge nisicheke, mjane mzima mimi. Roho yangu iliburudika siku ile kuliko siku yoyote tangu nizike.

Fundi alipofungua delko akaona ni tupu, shemeji alirudi kwenye pazia akauliza kidole kiko wapi.

"Muulize kaka yako," nikamwambia.

Mwanamke aliye eda hapekuliwi, naye analijua hilo. Sasa amebadilisha maneno. Juzi aliniambia kwa sauti ya asali: "Eda ikiisha nitakuoa. Gari njo itakuwa ya sisi wote. Lakini kwanza leta ile kidole." Hata mahari yangu ameipanga, ni gari langu mwenyewe! Wakati huohuo amekwisha kuwaambia watu kwamba atalipeleka Kampene, libebe watu wa migodini. Likifika huko, watoto wangu hawataliona tena.

Sasa sikilizeni. Vidole ninavyo viwili. Kimoja ni kizima. Kingine ni kile cha zamani, kina ufa, mume wangu alikitoa akaniachia. Ukikitia hicho, gari linawaka vizuri na linatembea vizuri, ila injini ikipata moto sana linazima na haliwaki tena. Shemeji atavuka mto kwa kivuko akicheka. Atafika katikati ya pori, hakuna nyumba, hakuna fundi, mvua juu. Namtaka alale humo na kanzu yake, mbu wamle, awaze ni nani aliyejua kuchagua gari.

Hapa binti yangu ameacha kuandika. Ameniuliza: "Mama, gari ikifia kule pori, nani ataturudishia? Sisi tutakula nini?" Nimemwambia aandike tu. Anaandika, lakini ananitazama.

Mwalimu anasema eda ikiisha atatuita mbele ya wazee, nilete kidole, na yeye atawatetea watoto. Namwamini. Ila wazee wenyewe ni ndugu zake shemeji, na ufunguo uko mfukoni mwake. Nikitoa kile kizima, naogopa ataondoka na gari mbele ya macho yangu.

Muda wangu unakaribia kwisha. Nishaurini, nifanye nini? Kizima nimpe mwalimu, au kibovu nimpe shemeji? Msiniambie nisamehe, hilo sikuwauliza. Vyote viwili viko pindoni mwangu, na hata gizani najua kipi kina ufa.